Kinyozi Aliyemtetea Unyoya

Hakuna aliyeweza kubishana na Kinyozi akiwa amekalia kiti chake. Kichwa kimeinamishwa, wembe uko kisogoni, naye anakuuliza kwa upole kama anayeuliza habari za nyumbani, "Sasa ulikuwa unasema nani ndiye mchezaji bora wa Kiberiti tangu timu ianze?" Wewe ungemjibu nini? Nimeona wanaume wenye sauti zao, watu wa gereji na wabeba mizigo wa Makongeni, wakisema kama watoto, "Ni Unyoya, mzee." Kisha wanapakwa spiriti, wanapigwa brashi ya unga, wanatoka. Wakishavuka barabara wanageuka na kupaza sauti, "Ni Nyundo, na wewe unajua." Naye anacheka mpaka anashika meza.

Kiberiti ndiyo timu yetu. Zamani Thika palikuwa na kiwanda cha viberiti, na kiwanda kikaunda timu, jezi nyekundu yenye kola nyeusi, kama njiti iliyowashwa ikazimwa. Kiwanda kilifungwa kabla sijazaliwa. Mashine zilibebwa, mabati ya paa yakabebwa, lakini timu haikubebwa na mtu. Bado tunacheza kwenye uwanja ulio nyuma ya ukuta wa kiwanda, ligi ya chini huko, na bado kuna wazee wanaokuja kila Jumamosi na viti vyao vya plastiki kutuambia kwamba sisi si kitu, laiti tungewaona wa zamani. Duka la Kinyozi lilikuwa huko huko Makongeni, ng'ambo ya barabara, likitazama lango la uwanja. Ubishi ulikuwa unaishi humo.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Nyundo alikuwa mshambuliaji. Akipiga mpira, kipa aliangalia kwanza mikono yake kama bado iko. Alifunga mabao msimu baada ya msimu, akazeeka, akafa, akazikwa, na mazishi yake yalijaza barabara. Unyoya alicheza winga ya kushoto, kwa msimu mmoja usiofika mwisho. Waliomwona wanakubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba hakuwa na sauti. Hakuomba pasi, hakumlalamikia refa, na akikimbia husikii nyayo. Walisema ametoka upande wa Ngoliba. Jumamosi moja mpira ulitoka nje ukavuka ukuta wa kiwanda, naye akauendea, akapitia kwenye tundu la ukuta pale kwenye kona. Baada ya muda mpira ukarushwa uwanjani. Mchezo ukaendelea, watu wakangoja arudi. Hakurudi. Walimtafuta ndani ya kiwanda, wakamtafuta mjini, mwisho wakaenda Ngoliba. Watu wa Ngoliba wakashangaa. Wao walidhani ni mtu wa Thika.

Picha yake haipo. Iko moja tu ya timu ya msimu ule, na ndani yake Nyundo ameinua kikombe cha mashindano fulani ya sikukuu, mkono wake ukapita mbele ya uso wa Unyoya. Unaona shingo, unaona sikio moja, basi. Wafuasi wa Nyundo waliifurahia sana picha hiyo. "Hata kwa picha amemfunika," walisema.

Mimi nilimjua Kinyozi nilipojiunga na Kiberiti kutoka Kimbo, upande wa Ruiru. Katikati ya wiki nilikuwa nauza viatu vya mtumba Ruiru mjini, Jumamosi nakuwa winga wa kushoto, na muda unaobaki nakuwa Ulaya, kwenye kiwanja kikubwa chenye taa, watu wakiimba jina langu na kulikosea kidogo. Ndoto hazilipiwi kodi ya nyumba. Nilipoingia timuni niliambiwa desturi ya Kiberiti: huchezi mechi ya kwanza kabla hujanyolewa kwa Kinyozi. Hata kama umenyolewa jana kwingine, unaenda. Hata kama una kipara, unaenda akupitishie brashi.

"Kijana, weka shingo hapa," akaniambia.

Nikaweka. Akawasha mashine, akashika kichwa changu kwa mkono wa kushoto, lakini hakuanza. Vidole vyake vikatembea. Vilikuwa na joto, maana alikuwa na tabia ya kuisugua mikono kwanza ili mteja asishtuke. Vikapita juu ya masikio, vikashuka nyuma, vikafika kwenye kibonde kidogo ambacho mamangu husema nilizaliwa nacho, vikasimama hapo. Mashine ikazimwa.

"Umetoka wapi?"

"Kimbo."

"Na kabla ya Kimbo?"

"Kimbo tu, mzee. Nimezaliwa hapo hapo."

"Hii kichwa nimeshainyoa."

"Labda ni ya mtu mwingine."

"Watu wanafanana uso," akasema. "Kisogo hakifanani na kingine."

Nilicheka, maana mimi hucheka nikikosa la kusema. Kwenye kioo nilimwona ananitazama. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba hakuwahi kunitazama moja kwa moja, wala hakumtazama mtu yeyote hivyo. Watu wote aliwaangalia kupitia kioo. Ukikutana naye mjini uso kwa uso, alisita kama amekutana na mgeni, mpaka upite, aone nyuma yako, ndipo akuite. Siku moja niko sokoni Thika, nimeinama kuchagua viazi, nikasikia nyuma yangu, "Wewe winga, umekonda." Sikujua amefikaje pale.

Alikuwa na misemo yake ya kazi. Miguu ni ya kocha, kichwa ni changu. Mtu akisinzia kitini anakuamini, usimwamshe kwa maneno, mwamshe kwa brashi. Mwenye haraka mkate nusu, atajifunza kukaa. Huo wa mwisho haukuwa wake kwa kweli, ulikuwa wa stima, kwa sababu stima ikipotea Makongeni ulibaki na nusu kichwa, na ni hapo ndipo ubishi ulipokuwa mtamu. Mtu amefungwa shuka shingoni, upande mmoja umenyolewa, upande mmoja msitu, hawezi kutoka nje watu wamwone, na Kinyozi ameegemea mlango akimweleza Unyoya.

"Nyundo alipiga mpira ukiwa umeshawekwa," alisema. "Nani aliuweka?"

"Mzee, hata wewe ukiwekewa mpira huwezi kupiga kama Nyundo."

"Sijasema naweza. Nimeuliza nani aliuweka."

"Unyoya alicheza mechi ngapi kwani?"

"Wewe umeolewa na mke mmoja au wengi?"

"Mzee, mimi ndiye nimeoa."

"Haya. Nenda nyumbani umwambie kwamba mmoja hatoshi."

Lakini alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kubeba sahani ya sadaka na kufunga madirisha ibada ikiisha. Alikataa kubishana juu ya siasa, akakataa kubishana juu ya mbegu za mahindi, jambo ambalo hapa kwetu ni gumu kuliko siasa. Hakuvumilia kelele. Redio ya jirani ikipanda sauti, alienda kuishusha mwenyewe, akamsalimu jirani, akarudi. Na huyu mtu asiyependa kelele ndiye aliyekuwa na duka lenye kelele kuliko yote katika barabara ile, kwa sababu ya mchezaji aliyesifika kwa kutokuwa na sauti.

Tena hakuwahi kuingia uwanjani. Lango liko pale, hatua chache, na hakulivuka tangu siku ile Unyoya alipofuata mpira. Mechi alizisikiliza kutoka dukani. Alizijua kelele kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake, hii ni njaa, hii ni usingizi. "Hiyo ni kona," alisema, akiendelea kukata. "Hiyo refa ameharibu. Hiyo ni bao, lakini si letu." Niliwahi kumuuliza kwa nini asifunge duka kwa saa mbili tu, aje atuone.

"Nikienda huko, nani atafungua mlango huku?"

"Si wateja wote wako uwanjani, mzee?"

"Si wote," akasema.

Kulikuwa na jambo lingine alilokataa, na lilinishangaza kwa mtu mwenye huruma kama yeye. Watoto wa shule aliwanyoa bure wakikaribia mtihani. Mgonjwa asiyeweza kutoka alimfuata nyumbani na mfuko wake. Lakini familia ikimwita amnyoe marehemu kabla ya mazishi, hakwenda. Hata Nyundo hakumnyoa, na watu walisema ni wivu wa ubishi. Mimi aliniambia kwa sauti ya kawaida, akisafisha meno ya mashine kwa mswaki, "Aliyekufa nywele zake zimeacha kumea. Anataka nini na mimi?"

Sasa niseme la kiti.

Duka lilikuwa na viti viwili. Kimoja cha wateja, kile cha kuzunguka. Kingine kilikuwa cha mbao, karibu na ukuta, na mgeni akitaka kukikalia Kinyozi alimwambia, "Hicho kina mtu." Wateja wa kila siku walikizoea, kama unavyozoea shimo kwenye barabara, unalipita tu. Nilijua hadithi kwamba Jumamosi asubuhi, kabla ya yeyote, Kinyozi humnyoa Unyoya kwanza. Nilidhani ni utani wao wa kumcheka.

Jumamosi moja nilipanda Thika mapema kwa sababu mechi ilisogezwa. Nilikuta mlango wa duka umeegeshwa, nikausukuma. Kinyozi alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti cha mbao. Shuka lilikuwa limetandazwa juu yake, limefungwa mahali ambapo shingo ingekuwa, limelala kwenye mbao. Hakuna mtu. Alikuwa ameshika mashine, akiipitisha hewani taratibu, mkono wa kushoto ukiwa umekunjwa kama unaoshikilia kitu cha mviringo.

Kama umewahi kunyolewa unajua sauti ya mashine. Ikiwa hewani hulia nyembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Ikigusa nywele hushuka, inakuwa nzito, inaguna. Nilisimama mlangoni nikiisikia. Ililia nyembamba. Kisha alipoishusha kuelekea kisogoni, ikaguna. Akaiinua, ikalia nyembamba tena. Akaishusha, ikaguna.

Sikukimbia. Sijui kwa nini, labda kwa sababu yeye alikuwa mtulivu mno, na pia ni asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu, mama wa chapati amewasha jiko nje. Alipomaliza akachukua brashi, akapiga unga, akafungua shuka, akalikung'uta nje ya mlango kama kawaida. Ndipo akaniona kwenye kioo.

"Ngoja zamu yako," akasema.

Nikakaa. Mtu ambaye hakuwapo alipita kati yangu na mlango, nasema hivyo kwa sababu jua la sakafuni lilikatika kidogo na kurudi. Kinyozi akanyoosha mkono kuniita. Siku hiyo nilinyolewa kimya, na hakunitajia Unyoya hata mara moja.

Tangu alipokijua kile kibonde changu, alikuwa ananinyoa mtindo mmoja tu, pembeni chini, juu kidogo, mstari usioonekana vizuri nyuma. Sikuuchagua. Wachezaji wenzangu walisema nimekuwa kama picha ya kitambulisho cha babu yao. Lakini uwanjani kukaanza mambo. Beki mmoja wa timu ya Juja, kijana mkubwa wa chuo, nilimpita mara tatu mfululizo, mara ya tatu akanishika jezi, akaniambia kwa sauti ya kuomba, "Bro, kohoa basi. Mtu hakusikii ukija." Na wazee wa viti vya plastiki, ambao huwa hawaishi kutukana, nilipokimbia kwenye mstari mbele yao walinyamaza wote kwa pamoja, nikipita tu wanaanza tena. Ningependa kusema niliogopa. Ukweli ni kwamba nilifurahi, nikawaza sasa Ulaya imekaribia. Ni jioni, nikivua viatu, ndipo niliposikia baridi kisogoni, mahali pale pale, kama mtu amepuliza.

Basi mwaka ule uongozi wa mashabiki ukaamua kupaka rangi ukuta wa uwanja, na katikati ya ukuta kuchorwe uso mmoja tu wa mchezaji bora wa historia yote. Mwenyekiti wa mashabiki alikuwa na duka la rangi na misumari, akajitolea rangi. Alikuwa mtu wa Nyundo, mtu mzuri, mnene, mwenye kicheko cha kikohozi. Siku alipokuja kumwambia Kinyozi, hakukaa kitini. Alisimama mlangoni, nje ya upeo wa wembe.

"Mzee, tutapiga kura uwanjani. Njoo umtetee mtu wako."

"Nitamtetea hapa."

"Hapa si uwanjani. Hapa watu wanakubali kwa sababu ya shingo zao."

Watu wakacheka. Kinyozi hakucheka.

"Mwenyekiti, Nyundo ana kaburi," akasema. "Watoto wake wanajua pa kwenda. Huyu wangu hana mahali. Mnyimeni kombe, mnyimeni sifa, semeni hata hakuwa bora. Mpeni ukuta."

"Si tunachora mchezaji bora?"

"Chora bora mwaka ujao."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, akasema atafikiria, na sote tulijua hatafikiria.

Hapo ndipo Kinyozi alipobadilika. Ubishi ukamtoka ule mzaha. Akiwa anakunyoa alikubana kidogo zaidi ya kawaida, akikuuliza utapiga kura wapi. Alianza kukosea mistari. Tulidhani ni wasiwasi, kumbe pia macho yalikuwa yanaondoka. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeyashika kwa muda mrefu na hakuwa amemwambia mtu. Binti yake, anayekaa Kimbo katika ghorofa karibu na kwetu, alikuja kumchukua. Kinyozi aliomba abaki mpaka ukuta uamuliwe. Binti akasema, "Baba, juzi umemkata mtu sikio."

Siku ya kufunga duka alinikalisha, lakini hakuninyoa. Aliweka viganja viwili juu ya kichwa changu, kama mchungaji.

"Wewe utanisemea?"

"Nitasema, mzee."

"Usiseme alikuwa bora. Hilo mimi nalisema tu ili wanisikilize. Sema apewe mahali."

Kura ilipigwa Jumamosi, baada ya mechi, jua likiwa bado kali. Nilisimama mbele ya watu na jezi yenye jasho, nikasema aliyonituma. Mimi si msemaji, shule niliiachia njiani, na nikiwa mbele ya watu Kiswahili changu kinakimbilia Gikuyu na kurudi. Lakini nilisema yote, la kaburi, la watu wa Ngoliba, la mpira uliorudi bila mtu. Walinisikiliza vizuri. Mwenyekiti akanishika bega.

"Kijana, umeongea vizuri. Lakini ukuta si kaburi."

Mikono ya Nyundo ilikuwa mingi, haikuhitaji kuhesabiwa. Kwa Unyoya niliinua wangu, na mzee mmoja wa kiti cha plastiki akainua wake bila kunitazama. Mwenyekiti akasema, "Watatu." Nikageuka. Alikuwa anaangalia nyuma kabisa, kule kwenye kona, karibu na tundu la ukuta. Watu wakaangalia pia. Hakuna aliyekuwa amesimama huko. Mwenyekiti akasugua macho, akasema, "Wawili, samahani, jua," na akafunga mkutano haraka kuliko alivyoufungua.

Nyundo alichorwa, mkono juu, kombe mkononi. Ni mchoro mzuri. Duka la Kinyozi likachukuliwa na mama wa kuuza mayai, naye hakukaa. Aliwaambia majirani kwamba anapenda mtaa, anapenda watu, lakini Jumamosi asubuhi mlango husukumwa mara moja, taratibu, kama mteja mwenye adabu, na akiufungua hakuna mtu.

Niliahirisha kwenda kumwona Kinyozi. Ni mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu, wala sikuwa na kisingizio, ila nilijua ataniuliza, na mimi sijui kumpa mzee habari mbaya. Nilinunua maembe, nikapanda ngazi.

Alikuwa amekaa kwenye baraza ya ghorofa ya pili, blanketi magotini, akitazama upande ambao hauna kitu. Macho yalikuwa yamekwisha. Nikasema, "Shikamoo, mzee," akanyoosha mkono. Nikainama, nikampa kichwa. Vidole vikatembea, vikafika nyuma, vikatulia.

"Winga. Nani anakunyoa siku hizi? Amekulima."

"Ni wa hapa stendi."

"Mwambie asikimbizane na kichwa. Kichwa hakiendi popote." Akaniachilia. "Haya, niambie."

Nikamwambia. Sikumficha kitu, hata la mkono wa tatu. Nilingoja ahuzunike, au abishe, ningefurahi kama angebisha. Alitikisa kichwa pole pole.

"Ni haki. Nyundo alifunga mabao."

"Pole, mzee."

"Mimi sikuwa nataka sifa zake. Nilitaka achorwe ili atulie mahali pamoja." Alivuta blanketi. "Alikuja Jumamosi iliyofuata, unajua. Ile baada ya mpira. Akasukuma mlango, akakaa pale kwenye mbao. Sikumwona. Nilijua ni yeye kwa sababu nilisikia mtu anakaa bila kusikia anatembea. Nikanyoosha mkono, kichwa kiko. Nywele zimemea za wiki moja. Ningefanya nini? Nikamnyoa. Ukimnyoa mtu mara moja, anarudi kwako."

Chini yetu watu walikuwa wananunua sukuma wiki na kusalimiana, sasa, poa, niaje. Ndani, binti yake alikuwa anaosha vyombo.

"Bado zinamea," akasema Kinyozi. "Huyo si maiti, wala si mtu. Ni kijana alienda kuleta mpira. Hajui aende wapi, anajua njia ya duka tu. Na duka ndiyo hiyo limefungwa."

"Anakuja huku?"

"Hajaijua njia ya huku. Mimi pia siwezi tena. Binti yangu amechukua mashine, anasema nitajikata. Nikisinzia namsikia anasukuma ile mlango ya Thika. Anasukuma, anangoja. Hana sauti ya kuita, huyo." Akageuza uso wake upande wangu, kwa mara ya kwanza moja kwa moja, na macho yale hayakuona. "Wewe siku hizi unakaa wapi?"

Nilielewa ananiuliza nini. Nataka kusema nilifikiri sana, lakini haikuwa hivyo. Nilimwona tu akilini yule kijana amesimama nje ya mlango asubuhi, ana nywele ndefu, ana adabu, anangoja afunguliwe. Mpira ulikuwa wa watu wote, na yeye ndiye aliyeufuata, akaurudisha.

"Mwambie aje kwangu," nikasema.

"Usiseme hivyo kunifurahisha. Atakuja."

"Sikufurahishi."

"Basi sema nyumba."

Nikasema. Nyuma ya posho mill ya kusaga unga, lango la kijani, chumba cha mwisho, mlango unaokwama kidogo chini, asukume kwa nguvu. Nilisema pole pole na wazi, kama unavyomwelekeza mgeni anayesikia vizuri lakini hajibu.

Kinyozi akashusha mabega. Sikujua jinsi yalivyokuwa yamepanda mpaka yaliposhuka. Aliomba embe, akala kipande kimoja, na kabla ya cha pili alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imefunguka juu ya blanketi. Binti yake akatoka akijipangusa maji.

"Amelala? Huyu halalangi mchana."

"Mwache alale," nikasema.

Nikateremka ngazi. Pale stendi ya Kimbo kuna duka linalouza mashine za kunyolea, nikachagua moja isiyo na kelele, nikaongeza chupa ya mafuta na shuka. Muuzaji akaniuliza kama ninafungua duka la kunyolea. Nikamwambia nina mteja mmoja tu, anaanza kesho. Ilikuwa Ijumaa.